Barabara Iliyopewa Jina

Njia ni wosia wa miguu. Mtu wa kwanza hupita kwa shida akaacha dalili. Wa pili huifuata dalili ile. Wa tatu huiita njia. Na wa nne hudai kuwa ni yake. Jambo hili ni la kale, lakini mfano wake ulio wazi hauko mbali na zama hizi. Uko Marekani, ambako motokaa ilitangulia barabara, kama mgeni afikaye kabla nyumba haijajengwa.

Reli iliunganisha mashariki na magharibi ya nchi ile tangu mwaka 1869. Aliyetaka kwenda mbali alipanda gari la moshi, na barabara za mashambani ziliachiwa wakulima na farasi wao. Mvua iliponyesha zilikuwa tope. Jua lilipowaka zilikuwa vumbi. Mwaka 1903 daktari Horatio Nelson Jackson aliweka dola 50 katika mji wa San Francisco, akisema kuwa ataivuka nchi kwa motokaa. Alifuatana na fundi wake, Sewall Crocker, na njiani wakapata mbwa aliyeitwa Bud, ambaye alivishwa miwani kukinga macho yake na vumbi. Siku 63 zilipita kabla hawajafika New York.

Mwaka 1909 Alice Ramsey, mwanamke wa miaka 22, alisafiri kutoka New York mpaka San Francisco kwa siku 59. Wenzake watatu hawakujua kuendesha, basi usukani ulikuwa wake peke yake. Ramani za kutegemewa zilikuwa haba. Penye njia panda alitazama nguzo za simu, akafuata zile zenye nyaya nyingi kwa tumaini kuwa zinaelekea mjini. Ardhi ilipokataa kumwongoza, alisoma hewani.

Tabu kama hizi zilimfanya Carl Fisher wa Indianapolis, aliyetajirika kwa taa za motokaa, kuwaalika wenye viwanda karamuni mwezi Septemba 1912. Aliwaomba wachange dola milioni 10 ili ijengwe barabara ya kokoto kutoka bahari hata bahari. Wengi waliitikia, lakini Henry Ford alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba umma ukijengewa barabara na matajiri, hautajifunza kuzigharimia wenyewe. Kukataa kule kulionekana ubahili, lakini wakati ulikupa haki: sheria ya mwaka 1916 ndiyo iliyoanza kutoa fedha za serikali kuu kwa barabara za majimbo, na sheria ya mwaka 1921 ikaongeza nguvu ya kazi ile. Fedha za Fisher hazikutimia kamwe.

Kilichotimia ni jina. Henry Joy, mkuu wa kampuni ya Packard, alishauri barabara iwe kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln, na tarehe 1 Julai 1913 chama cha Lincoln Highway kiliundwa. Njia iliyotangazwa mwaka ule ilianza Times Square, New York, ikaishia Lincoln Park, San Francisco, mwendo wa maili 3,389. Sehemu kubwa yake haikujengwa upya. Chama kilichagua njia zilizokuwako, kikazishona pamoja kwa jina moja, kisha nguzo zikapakwa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, pamoja na herufi L.

Mahali pengine chama kilitumia hila njema. Kilihimiza maili moja ya saruji ijengwe katikati ya tope, mbali na mji, nayo ikaitwa maili ya mbegu. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1914 karibu na Malta, Illinois. Dereva alitoka topeni, akaonja raha kwa dakika chache, akatumbukia tena topeni. Aliyekwisha kuonja hakunyamaza: alirudi kwao akadai barabara. Mbegu ile ilipandwa ardhini, ikaota vinywani mwa watu.

Mwaka 1919 msafara wa magari ya jeshi ulitoka Washington kwenda San Francisco, ukachukua siku 62, ukivunja madaraja na kukwama mchangani. Ndani yake alikuwamo ofisa kijana, Dwight Eisenhower. Kumbukumbu ya tope lile haikumtoka.

Njia zenye majina ziliongezeka hata zikawachanganya wasafiri, na mwezi Novemba 1926 majina yaliwekwa kando, barabara zikapewa namba. Sehemu kubwa ya njia ya Lincoln ikawa namba 30. Hata hivyo, tarehe 1 Septemba 1928 maskauti walisimamisha nguzo za saruji kando yake, zenye sura ya Lincoln, ili jina lisife.

Lakini jina ni deni. Lincoln alitoa tangazo la uhuru wa watumwa mwaka 1863. Na bado, katika barabara nyingi za nchi yake, msafiri mweusi alinyimwa chakula, kitanda, na pengine hata choo. Iko miji ambayo hakuruhusiwa kuwamo jua likichwa. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapa kitabu cha kuonyesha nyumba na maduka ambako mtu mweusi angepokelewa. Ramani ya chama ilionyesha barabara ilikopita. Ya Green ilionyesha utu ulikokaa. Mwendo ulikuwa mmoja, safari zilikuwa mbili.

Eisenhower alipokuwa rais, alitia saini mwaka 1956 sheria ya barabara kuu mpya za maili 41,000. Zilileta wepesi mkubwa, lakini nazo zilikuwa na gharama. Miji midogo iliyoishi kwa wapita njia ilirukwa ikapooza, na mitaa ya watu weusi, kama Rondo katika St. Paul, ilipasuliwa ili wengine wapite upesi.

Leo wako watu wanaoitafuta njia ile ya zamani. Katika Tama, Iowa, wanakuta daraja la mwaka 1915 ambalo kingo zake zimefinyangwa herufi za jina la barabara. Karibu na Elkhorn, Nebraska, wanapita pole juu ya matofali yaliyotandikwa mwaka 1920. Mtafutaji wa kweli hatosheki na matofali. Huuliza pia nani alipita hapa, na nani alizuiwa kupita. Penye nia pana njia, wahenga walisema. Na barabara ya Lincoln yaongeza kuwa njia haijakamilika mpaka kila mwenye nia aweze kuipita.