Franka Mia Mbili kwa Watoto wa Nyunzu

Mpitaji wa njia kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi huijua Fungurume kwa vumbi lake kwanza. Malori yenye kubeba shaba na kobalti hupita mchana na usiku, na kando ya barabara akina mama huuza makala, maji na mikate ya kukaanga. Zamani mji wetu ulikuwa mdogo. Tangu shaba ianze kutoka katika machimbo makubwa mwaka 2009, watu wamefika kutoka pande zote. Basi, binti wa nyumba yetu alipotangaza mwaka 2023 kwamba ataka kuchanga fedha kwa ajili ya watoto wa mbali, jirani mmoja alimwuliza papo hapo: "Na hawa wa hapa, umekwisha wamaliza?"

Swali hilo ni la haki, nasi wazazi wake tulimwacha alijibu mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Akasema: "Mama, hawa wa hapa wana watu wa kuwasemea. Wale hata jina lao hatulitaji sawasawa."

Wale aliowataja ni watoto wa Bambote, ambao wengine huwaita Batwa, wakaao upande wa Nyunzu katika jimbo la Tanganyika. Kwetu wengi bado huwaita Mbilikimo, jina wasilolipenda, kwa maana lampima mtu kwa urefu kama vile apimwavyo ubao na seremala. Ni watu wa msituni tangu mababu: hutafuta asali, huwinda kwa upinde, kwa nyavu na kwa mbwa, huokota viwavi, hivi tuviitavyo vinkubala. Asali na nyama walizibadilisha kwa mihogo ya jirani zao wakulima. Lakini kidogo kidogo mabadilishano hayo yaligeuka mzigo: Mmbote alilima shamba la mwenzake kutwa nzima, jioni akalipwa sahani ya mihogo au kikombe cha pombe. Kuanzia mwaka 2013 uchungu huo ulizaa mapigano kati ya Batwa na Waluba, ya mishale na mapanga. Mwaka 2016 kodi iliyodaiwa juu ya viwavi ilikoleza moto. Vijiji vya pande zote mbili viliteketea, shule pia, na watu kwa maelfu walikimbilia Kalemie na kwingineko.

Mmoja wa waliokimbia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alifika hadi kwetu kutafuta kazi. Jioni alikuwa akija kuketi barazani petu. Ndiye aliyetusimulia habari za darasa lake: jinsi watoto wa Bambote walivyoketi nyuma kabisa, na jinsi wengine walivyokataa kushiriki nao benchi. Mtoto mmoja mwenye akili nyingi, alisema, aliandika hesabu kwa kidole mchangani, nje ya dirisha, kwa sababu hakuwa na daftari na aliona haya kuingia mikono mitupu. Binti yetu aliyasikia hayo huku akipeta unga. Hakusema neno usiku ule.

Mtu atauliza: je, shule ya msingi si bure? Ndiyo, Katiba ya mwaka 2006 yasema hivyo, na tangu Septemba 2019 serikali imeondoa ada katika shule za msingi za umma. Tena tarehe 15 Julai 2022 ilitangazwa sheria ya kulinda na kukuza haki za Mbilikimo wenyeji wa nchi, ndivyo sheria yenyewe iwaitavyo. Sheria hizo ni njema, nasi twashukuru. Hata hivyo sheria haimpi mtoto daftari, wala haimwondolei jirani yake wa benchi dharau. Na kuna jambo la cheti cha kuzaliwa. Kuandikisha mtoto ni bure katika siku 90 za kwanza. Siku hizo zikipita, yataka hukumu ya mahakama, safari na gharama. Mzazi aliye msituni, mwendo wa siku moja au mbili kutoka ofisi, atahesabuje siku 90? Hivyo watoto wengi hukua bila karatasi hata moja yenye majina yao.

Basi binti alianza. Hakuomba kwa matajiri. Aliwapanga wanafunzi wenzake kumikumi, kila mmoja atoe franka 200 kila wiki, na kila kumi wawe na mkubwa wao mwenye daftari la hesabu. Wazee wa parokia walicheka kwa furaha, maana mpango huo waliufahamu: ndio wa Pauline Jaricot, msichana wa Lyon, Ufaransa, aliyewapanga wafanyakazi wa viwanda vya hariri kumikumi, kila mtu atoe sarafu moja ndogo kwa wiki kusaidia misioni za mbali. Alikuwa na miaka 22 tu chama chake kilipoanzishwa mwaka 1822, naye aliwekwa katika hesabu ya wenye heri mwaka 2022. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vikundi vikafika sita. Kuna wiki zilizojaa na kuna wiki mkubwa wa kumi alirudi na noti tatu zilizochakaa, hasa ule mwezi wafanyakazi walipocheleweshewa mishahara.

Fikira yake ya kwanza ilikuwa kukusanya nguo na kuzipeleka kwa garimoshi. Reli ipitayo kwetu yafika Tenke, yageuka kaskazini hadi Kamina, na kutoka hapo, kwa njia iliyokamilika mwaka 1956, yaenda Kabalo na kisha Nyunzu. Kwa ramani ni rahisi. Mwalimu alitikisa kichwa: garimoshi laweza kukawia majuma, na tena, "je, umewauliza kama wana haja ya nguo?" Wakapiga simu kwa mwalimu mwenzake aliyebaki kule, naye akaenda kuwauliza wazazi wa Bambote wenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Waliomba madaftari na kalamu, sufuria kubwa ya uji ili mtoto asirudi msituni saa nne kwa njaa, na vyeti vya kuzaliwa. Waliomba pia kwamba mtoto asifutwe katika orodha akiondoka na wazazi wakati wa viwavi. Hilo la mwisho halikuhitaji franka hata moja, nasi twaona lilikuwa kubwa kuliko yote. Huko Kamerun, kati ya Wabaka, shule ziitwazo ORA zilikwisha kuonyesha kwamba mtoto wa msituni hujifunza vema akianzishwa kwa lugha yake na kwa kalenda ifuatayo maisha ya wazazi wake.

Hapo ndipo likazuka jambo la picha, lililotugawanya hata nyumbani. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alisikia habari za vikundi, akaahidi franka laki tano, fedha iliyopita yote ambayo watoto wangekusanya mwaka mzima. Sharti lake lilikuwa moja: aletewe picha za watoto hao, "walivyo hasa," yaani nusu uchi na wenye matumbo makubwa, azibandike dukani pamoja na jina lake. Wengine katika vikundi walikubali mara moja. Walisema picha huyeyusha mioyo, na njaa haingoji adabu. Mama wa nyumba hii alisema vivyo hivyo, na hoja yake haikuwa ya upuzi: laki tano ni vyeti vingi.

Binti alikataa. Tulipomwuliza sababu, alisema tu: "Baba, ungependa mimi nibandikwe kwenye duka la mtu?"

Sisi watu wa Lualaba twalijua jambo hili kuliko wengi. Mwezi wa Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa taarifa juu ya watoto wachimbao na kuosha mawe ya kobalti katika nchi yetu. Ilistahili kutolewa, maana ilisema kweli, na viwanda vikubwa vya simu na magari vililazimika kujibu. Lakini tangu hapo wenye kamera hawakomi kuja. Dunia nzima imekwisha kuuona uso wa mtoto wa Kolwezi wenye matope, bali jina lake haikuuliza, wala kama alirudi shuleni. Mgeni mmoja alimpiga picha mtoto wa jirani yetu akiosha sahani mtoni, sahani za nyumbani kwao. Mama yake alipokuja kuuliza picha hiyo yaenda wapi, gari lilikuwa limekwisha ondoka. Mtoto yule hakutaka tena kwenda mtoni kwa mwezi mzima. Je, sisi tuliotendewa hivyo ndio wa kwenda kuwatendea wenzetu wa Nyunzu?

Laki tano hazikuja. Iliuma, wala hatutasema haikuuma. Mwisho wa mwaka wa masomo vikundi vilikuwa na franka 360,000. Zilipelekwa kwa simu, vitu vikanunuliwa kule kule sokoni Nyunzu, wauzaji wa pale nao wakapata chao. Zilitosha madaftari, kalamu, sufuria, magunia machache ya unga, na vyeti vya watoto wanne. Vyeti vinane vilivyoombwa bado vinangoja.

Badala ya picha, binti aliomba orodha. Ilifika kwa mkono wa msafiri, imeandikwa kwa kalamu ya buluu: jina la kila mtoto, jina la babaye na la mamaye, darasa, na alama. Alama nyingine ni hafifu sana, naye hakuzificha. Mbele ya majina mawili mwalimu ameandika, "Amekwenda viwavi, atarudi," na chini yake, kwa kalamu nyingine, "Amerudi." Wakubwa wa kumi waliisoma mbele ya vikundi vyao, jina baada ya jina, wakishindana kuyatamka vizuri.

Jirani yule mwenye swali alikuwapo siku ya kusomwa. Hakuchangia kitu. Lakini juma lililofuata aliuliza kama vikundi vyaweza kuwatazama pia watoto wawili wa mtaa wake ambao hawajawahi kuandikishwa, na binti akachukua majina yao. Mwaka huu wa pili vikundi ni saba. Kile cha saba ni cha akina mama wauza mikate kando ya barabara, nao hutoa siku ya Jumamosi, baada ya malori ya jioni kupita.