Breki Zinapokataa Kuachia

Akina mama wenzetu, wengi wetu siku hizi tunaendesha magari wenyewe, au tunakaa na watoto nyuma huku baba akiendesha. Habari za breki tunazijua kwa upande mmoja tu, yaani zisiposhika. Upo ugonjwa wa pili usiozungumzwa sana, nao ni breki zinazoshika na kisha kukataa kuachia. Huanza kimya kimya. Gari linakuwa zito kana kwamba limepakiwa magunia, mafuta yanakwisha mapema, usukani unavuta upande mmoja, na rimu moja inajaa vumbi jeusi kuliko zile nyingine.

Kwetu ugonjwa huo uliingia katika gurudumu la mbele la kushoto. Ndani ya mwaka mmoja pedi za upande huo zilibadilishwa mara mbili, na kila mara tuliambiwa kuwa pedi za siku hizi hazidumu. Tukalipa. Kisha ikafika siku ya kumpeleka binti yetu shule ya bweni huko Lushoto. Tulipokaribia Korogwe tukitokea Tanga, harufu ya kuungua ikajaa garini. Tukasimama, tukasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, maana diski iliyopata moto hubabua ngozi papo hapo. Magurudumu matatu yalikuwa na joto la kawaida. La nne lilikuwa kama jiko la mkaa.

Mbele yetu ilikuwepo barabara ya kupanda kutoka Mombo, yenye kona juu ya kona, na baadaye kuishuka. Hapo ndipo hofu ilipotuingia. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Unakanyaga pedeli, nayo inazama hadi sakafuni huku gari likiendelea kushuka. Tukakata shauri kwamba gari halipandi mlima. Shangazi mtu akapanda basi na binti pamoja na sanduku lake, sisi tukalitafutia gari fundi.

Tulimpata kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama, shikamoo baba. Hizi ni pedi tu, nusu saa mnaondoka."

"Marahaba, mwanetu. Pedi tumeshaweka mara mbili. Leo tunataka kujua kinachozila."

Hakuchukia. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akainua mbele kwa jeki, akalikalisha gari juu ya stendi za chuma. (Tafadhali, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.) Gurudumu la kulia likazunguka kwa mkono huku likikwaruza kidogo. Huko si kuumwa, kwani pedi za diski hukaa karibu sana na diski siku zote. La kushoto likagoma kabisa.

Akatueleza kwamba pistoni ndani ya kalipa hairudishwi na springi. Inazungukwa na mpira ambao hupindika unapokanyaga breki, na ukiachia mpira ule hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, chini ya unene wa ukucha. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: je, mafuta yamenaswa yakaendelea kusukuma, au vyuma vimekwama vyenyewe?

Akalegeza kwanza kiungo ambapo bomba la chuma linakutana na hozi ya mpira. Gurudumu bado likagoma. Maana yake masta silinda haikuwa na kosa. Akakikaza, akaenda kwenye nipo ya kutolea hewa iliyo juu ya kalipa, akaifungua robo mzunguko. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na gurudumu likazunguka! Hozi ndiyo iliyokuwa mwizi wetu. Kwa nje ilikuwa nzima, lakini alipoikata kwa kisu tuliona mpira wa ndani umevimba hadi tundu limebaki kama la sindano. Mguu wa dereva husukuma mafuta yakapita kwa nguvu, lakini kurudi yenyewe hayawezi.

Ingekuwa gurudumu limegoma hata baada ya nipo kufunguliwa, angeshusha kalipa. Huko hukutwa pistoni yenye kutu, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na chumvi ya bahari, au pini za kutelezea zilizokauka. Pini zikikwama utaona pedi moja ya gurudumu lile lile imekwisha na mwenzake bado nene. Na yakishika magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, mtazame masta silinda, au muulize kama kuna mtu aliyejazia oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Oili hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo. Grisi ya kawaida kwenye pini huleta balaa lile lile, kwa hiyo mwambieni fundi atumie grisi ya breki.

Tuliweka hozi mpya pande zote mbili, kwa kuwa ile ya kulia ilikuwa na umri uleule. Tukabadilisha mafuta yote, hewa ikatolewa, na fundi akaosha kwa maji matone yaliyodondokea bodi, kwa sababu mafuta hayo hula rangi. Hozi zote mbili zilitugharimu pungufu ya seti moja ya pedi. Jioni shangazi akashuka na basi, akatukuta tukilijaribu gari kwenye barabara tambarare, tukisimama kila baada ya kilomita chache kupima joto la rimu kwa kiganja, kushoto na kulia.