Ubavu wa Mvi

Wahenga walinena kwamba ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Methali hii yaweza kumpotosha anayewatazama ndege wawili wa jenasi ya Emberiza wanaopatikana nchini Kenya: Emberiza flaviventris na Emberiza poliopleura.

Wote ni wadogo, urefu wao ukiwa takriban sentimita 15. Wana kichwa cheusi chenye michirizi myeupe juu na chini ya jicho, na kifua cha rangi ya dhahabu. Hata hivyo, wa kwanza ana mgongo wenye wekundu wa kutu na ubavu wa kijivu. Mgongo wa pili una manyoya yenye kingo zilizopauka, mithili ya magamba ya samaki, na ubavu wake ni mweupe. Aidha, makazi yao hutofautiana: wa kwanza hupendelea miti na vichaka vya sehemu zenye mvua zaidi, ilhali wa pili ni wa nyika kame ya miiba, kama ile ya Samburu na Tsavo.

Je, haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo katika majina. Flaviventris, jina la mwaka 1815, ni Kilatini chenye maana ya tumbo la manjano, sifa isiyowatenganisha wawili hawa. Poliopleura, jina lililotolewa na Tommaso Salvadori mwaka 1888, linatokana na Kigiriki: pleura ni ubavu, nalo polios hufasiriwa mara nyingi kuwa kijivu. Mfasiri anayeandika "ubavu wa kijivu" basi humvika ndege huyu sifa ya jirani yake. Askari wa wanyamapori atakayeliamini jina hilo atawanakili kinyume, na iwapo ukame utawahamisha ndege hawa, kumbukumbu zake hazitaonyesha lolote.

Hali kadhalika, Wagiriki walilitumia neno polios kwa nywele za wazee. Kiswahili kina neno mwafaka kwa rangi hiyo iliyo kati ya kijivu na nyeupe, nalo ni mvi. "Ubavu wa mvi" ni tafsiri aminifu kwa Kigiriki na kwa ndege mwenyewe.

Ni dhahiri, basi, kwamba kamusi pekee haimtoshi muundaji wa istilahi. Sharti pia amtazame yule anayepewa jina.