Silinda ya Tatu

"Petroli haipai mbinguni," mama alisema, na kila mtu pale uani akajua anasemwa nani.

Mjomba ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu yetu, Datsun 1200 iliyonizidi umri, kubeba samaki kutoka Feri pale Magogoni hadi Mbagala. Kwenda na kurudi ilikuwa ikitumia lita 2 na nusu. Mara ikafika karibu 4. Mjomba akasema gari inakula mafuta. Haya, msomaji, dereva gani mjini hapa asiyesema hivyo? Kunyonya tangi kwa mpira ni kazi ya dakika chache. Mama akamnyang'anya ufunguo, kaka yake wa tumbo moja. Mimi nilinyamaza. Na ufunguo nikapewa mimi.

Wiki ya kwanza nikachoma lita zilezile 4. Mama akaanza kuniangalia kwa jicho lile alilokuwa akimwangalia nalo kaka yake.

Nikaipeleka Gerezani. Fundi akatega sikio, injini ikitetemeka kama mgonjwa wa homa, akasema ringi zimekwisha, tufungue injini. Bei aliyotaja, bwana, ilikuwa nusu ya gari. Lakini injini iliyokwisha ringi hula oili na kutoa moshi wa buluu. Yetu oili haikupungua. Ekzosi ilinuka petroli mbichi tu.

Basi nikajikaza, nikaenda Temeke.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, na palepale akanifundisha. "Iache ingurume bila kukanyaga. Shika kitambaa kikavu, chomoa waya za plagi moja moja. Ukichomoa halafu injini isishtuke, huyo ndiye mgonjwa wako."

Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, kimya, kana kwamba sikugusa kitu. Ya nne ikayumba. Nikafungua plagi ya tatu: nyeusi tii, imelowa petroli. Nikaihamishia silinda ya pili, ile ya pili nikaipeleka ya tatu. Ugonjwa haukuhama. Kwa hiyo plagi haikuwa na kosa.

Jibu nililipata Feri, saa kumi na moja alfajiri. Taa za pantoni zilikuwa bado zinawaka ng'ambo ya Kigamboni, na umande wa bahari umetanda kwenye vioo. Nilifungua boneti gizani. Pale kwenye waya wa tatu palikuwa na cheche ya buluu, nyembamba, inaruka kutoka kwenye ufa wa mpira kwenda kwenye chuma cha injini. Tik, tik, tik. Moto haukuwa ukifika kwenye plagi. Petroli ya silinda ile iliingia na kutoka ikiwa nzima, huku silinda tatu zikivuta mzigo wa nne, na sisi tukizidi kukanyaga.

Nilimwita mama, aliyekuwa akigombea bei ya vibua, aje aone. Aliinama, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakusema neno.

Mchana nikanunua seti ya waya Kariakoo. Kesho yake, lita 2 na nusu.

Radhi mama hakuomba. Jioni alifunga changu wawili wakubwa kwenye gazeti, akaweka ufunguo juu yake.

"Peleka Temeke," akasema. "Na wewe umsalimie vizuri."