Kutoka Wema Hadi Magofu ya Ungwana

Msafiri atokaye Wema, kijiji cha Wapokomo kilicho chini ya Garsen, hulifuata bonde la mto Tana kuelekea Kipini. Zamani mto huo haukutokea hapo baharini. Ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, uliouunganisha na mto Ozi.

Si mbali na Kipini yamo magofu ya Ungwana. Ayatakaye hana budi kwenda kwa miguu, akipenya vichakani. Ndani ya ukuta wa mji imo misikiti miwili ya Ijumaa, ubavu kwa ubavu, na makaburi ya mawe. Bwana James Kirkman alichimbua mahali hapo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1966.

Mji huo wa mawe na chokaa ulihamwa katika karne ya 17. Vijiji vya bondeni, vya miti na udongo, vimekumbwa na mafuriko makubwa, kama yale ya 1961 na 1997, na kila mara wenyewe wamerudi wakajenga upya. Ungwana haina wa kuijenga tena. Mizizi huzipasua kuta zake, na aondoaye jiwe huondoa habari za wazee. Basi, apitaye huko na atazame, asichukue kitu.