Goma: mfuko wa mwenye hoteli si sanduku la hoteli

Kwa miaka mingi hoteli nyingi za Goma zilimtegemea mteja mmoja: mfanyakazi wa mashirika ya kiutu, mwenye kulipa dola na kuomba risiti. Nyingine zilingojea watalii wa kupanda Nyiragongo. Lakini mteja wa mbali huondoka bila kuaga. Mwaka 2018 mbuga ya Virunga ilifungiwa watalii. Mwaka 2020 ikawa korona. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ililipuka, na siku tano baadaye wakaaji wa mitaa 10 waliamriwa kuhama. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia mjini. Kiwanja cha ndege kikafungwa, banki pia, na wageni wengi wakavuka mpaka.

Watu husema: ni vita. Ni kweli, lakini si yote. Vita inaweza kukuta hoteli mbili kwenye barabara moja. Moja inafunga, nyingine inabaki. Mara nyingi tofauti yao ilianza kabla ya risasi.

Kwanza ni uongozi. Kuna mwenye hoteli anayepita jioni, anachukua makuta yote ya siku, analipa minervali ya watoto, anamtumia shemeji. Hakuna kinachoandikwa. Wageni wakikosa, akiba haipo, na wa kwanza kuumia ni mpishi na mama wa kufua mashuka, ambaye pengine nyumbani amepokea familia ya wahami. Sheria za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, zinadai kampuni iandike hesabu zake na kuwaonyesha washirika kila mwaka. Hata hoteli ya vyumba 8 inaweza kuanza na daftari moja: kila franka iandikwe, na mwenye hoteli apate mshahara wake kama wengine.

Pili ni kusikiliza soko. Mteja wa leo ni mchuuzi anayetoka Bukavu kwa boti, arusi ya mtaa, mkutano wa kanisa, familia inayotafuta chumba cha mwezi. Analipa franka, na anauliza maji na umeme kabla ya televisheni. Anayeshikilia bei ya zamani ya dola anangojea ndege isiyotua.

Basi, ndugu anayetafuta kazi hotelini asitazame tu rangi ya ukuta. Aulize wafanyakazi: nani anashika sanduku, na mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa lini?