Kibiti na delta ya Rufiji: Rangi za sikukuu zinazotoka kwenye sufuria

Abiria wa Kibiti hupandia gari Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Barabara ya Kilwa humpitisha Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana, katikati ya mikorosho na minazi, hadi Bungu, inapochepuka njia ya kwenda Nyamisati, bandari ya watu wa Mafia. Akiendelea mbele kidogo na lami anafika Kibiti mjini.

Sikukuu ikikaribia, biashara ya mapambo huchangamka. Mawaridi ya plastiki yananing'inizwa pamoja na mapazia na nguo za watoto. Yapo mekundu, ya zambarau na hata ya buluu, rangi ambayo waridi halizaliwi nayo. Hata waridi bichi la buluu linalouzwa kwenye maduka ya maua ya mijini ni waridi jeupe lililonyweshwa rangi au kupuliziwa. Mama anayetafuta cha kupendezesha sebule kwa Idd au Krismasi huvutiwa na plastiki kwa sababu moja kubwa: hainyauki.

Lakini watu wa Rufiji walikuwa na pambo lao lisilonyauka kabla plastiki haijafika, nalo pia hutiwa rangi kwa mkono. Ni ukindu.

Ukindu hutoka kwenye majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mitende unaopenda mabonde na kingo za maji. Majani hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Mjuzi wa kazi hii hamalizi machipukizi yote ya shina moja, maana anajua atarudi hapo hapo mwakani. Chane zikiwa tayari, sufuria ya maji huinjikwa jikoni, unga wa rangi humiminwa, na ukindu huchemshwa humo huku ukigeuzwa kwa kijiti ili rangi iingie kote. Ukitoka, huanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali hupausha rangi mbichi.

Baada ya hapo ndipo kazi ya vidole inapoanza. Chane za rangi na zile nyeupe husukwa pamoja kuwa ukili mrefu, na ukili hushonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka mkeka ukamilike. Mkeka mmoja wa maua unaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu msukaji ana shamba, ana watoto, na mara nyingi husuka jioni tu, akipiga soga na wenzake barazani. Mbali na mikeka kuna misala ya kuswalia, vipepeo, na kawa za kufunikia sinia la pilau siku ya Idd. Nyumba ya Mrufiji inapambwa kwa vitu vinavyotumika.

Rangi zenyewe nazo zina historia. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, na njano kwenye manjano yale yale ya jikoni. Wekundu wa kahawia ulitoka kwenye magome ya mikoko, hasa mkandaa. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina yake kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti zake kwenda Arabuni, na magome nayo yaliuzwa ng'ambo kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Mti ukichunwa gome pande zote hufa. Leo mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hakuna ruhusa ya kwenda kuichuna ovyo.

Unga wa dukani uliwaondolea wasukaji mzigo huo. Asili yake ni mbali: mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya malaria, akajikuta amepata rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo iliyofungua njia ya rangi za viwandani duniani. Zambarau inayong'aa kwenye mkeka wa Kibiti ni ndugu wa rangi iliyopatikana kwa bahati, mtu akitafuta tiba ya homa inayosumbua delta hadi leo.

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa macho. Rangi ya ukindu si rangi ya chakula, ingawa zote mbili huweza kuuzwa katika vipakiti vidogo vinavyofanana. Ya ukindu isitiwe kwenye biriani, ubuyu wala kashata, hata kama wekundu wake unavutia. Sufuria ya kuchemshia ukindu iwe ya kazi hiyo tu, isirudi jikoni kupikiwa uji. Watoto wakae mbali na moto na wasivute unga puani. Maji yaliyobaki yamwagwe mbali na kisima. Na mkeka mpya ufutwe kwa kitambaa chenye maji kabla mtoto mchanga hajalazwa juu yake. Kitambaa kikitoka na rangi, ufutwe tena na uachwe ukauke.

Mtoto anayetaka kujua rangi inaingiaje kwenye mmea anaweza kuonyeshwa nyumbani bila hatari. Chukua ua jeupe lenye kikonyo kirefu, likate upya kwa chini, litie kwenye glasi ya maji yenye rangi ya chakula iliyokolea, uliache mpaka kesho. Maji yatapanda na rangi, na petali zitaanza kuonyesha mishipa.

Kazi ya ukindu hutegemea mto na jua, na mwaka si mmoja. Mwaka 2024, Idd el Fitri iliangukia Aprili 10, wakati mafuriko ya Mto Rufiji yalikuwa yamefunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Katika hali kama hiyo hakuna pa kuanika chane, na mkeka uliosukwa kwa wiki nyingi unaweza kuoza kwa siku chache. Kwa mama ambaye mkeka ndio akiba yake, yaliyoondoka na maji ni sare za shule na nauli ya hospitali.

Waridi la plastiki likichakaa hutupwa, nalo haliozi. Mvua hulibeba mpaka mtoni na mto hulipeleka kwenye mikoko, kwenye mazalia ya kamba na kaa. Mkeka uliochakaa huoza ukawa udongo. Basi familia inayopita Kibiti kuelekea Lindi au Mtwara, au inayosubiri chombo cha Mafia pale Nyamisati, iulizie mkeka wa ukindu. Bei itaonekana kubwa kuliko ya maua ya plastiki. Kabla ya kuomba ipunguzwe, muulize msukaji ameutumia siku ngapi.